Nastaafu mwakani, mbona nawakumbuka niliowakosea tu?

Swali:

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, mwakani natimiza miaka 60. Nilianza kazi mwaka 1989, na miaka mingi nimefundisha darasa la kwanza na la pili. Tangu nipate barua ya kukumbushwa kustaafu, silali. Naamka saa tisa usiku nyuso za watoto zinakuja, na wanaokuja si wale waliofaulu. Yupo mmoja wa mwaka 2000. Mwaka huo nilipewa la tano, nikamchapa mbele ya wenzake na kumwambia hatafika popote. Haikupita muda akaacha shule. Nasikia sasa anaendesha bodaboda Majengo. Je, nimtafute? Darasa langu amepewa binti aliyeajiriwa juzi, nimeambiwa nimwelekeze, lakini hatuelewani, yeye na simu yake. Mume wangu anataka tupande Kibosho tukakae kwenye kihamba, shamba la ukoo. Wanangu wanasema nipumzike. Mwenzangu ananishawishi tufungue chekechea kwa hela ya mafao. Huku mtaani wanasema mstaafu hamalizi miaka mitano. Na walimu wameshaanza kuchangishana kuniaga, mimi sherehe siitaki. Huu ni ugonjwa? Au miaka yote hii nilikuwa napoteza muda?"

Jibu:

Shikamoo mwalimu, na pole kwa usiku mrefu. Umeuliza mengi na nitajaribu kuyagusa yote, ila naona linalokuamsha saa tisa ni moja: unaogopa kwamba ukijumlisha miaka yote hiyo, jibu litatoka hasi. Mambo ya mafao, kihamba na sherehe yatapata zamu yake.

Nianze na huo ugonjwa. Mtu anapokaribia kufunga kazi ya maisha yake, kukumbuka sana si ugonjwa. Zamani hata madaktari walidhani mzee anayerudia habari za kale akili imeanza kuchoka. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika makala iliyogeuza mtazamo huo. Alisema kuipitia upya historia yako ni kazi ya kawaida ya akili, inayoamshwa na kuona mwisho unakaribia, na kwamba mambo ambayo hayakumalizwa ndiyo yanayotangulia kujitokeza. Yeye alikuwa akizungumzia zaidi mwisho wa uhai. Mimi hapa Arusha nawaona watu wakiianza kazi hiyohiyo kwa kupokea tu barua ya kustaafu, na walimu ndio wanaoisumbukia kuliko wengine. Karani akifunga jalada, limefungwa. Mtoto anatoka darasa la pili bado hajulikani atakuwa nani, na baada ya hapo hakuna anayekuletea taarifa.

Shida yako, mwalimu, iko kwenye namna unavyokumbuka. Mwaka 1991 watafiti Paul Wong na Lisa Watt waligawa kumbukumbu za wazee katika aina sita. Kuna kukumbuka kwa kupatanisha: unalitazama lililotokea, zuri na baya, unalipa nafasi yake, unakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kuna kukumbuka kwa kutendea kazi: uliwahi kukwama wapi, ukajinasua vipi, na ujuzi huo unaweza kukufaa wapi leo. Kuna kurithisha, yaani kuwapa wadogo ulichojifunza. Kuna kusimulia tu. Kuna kukimbilia zamani kwa kuona ya leo hayafai. Hiyo unaifahamu, ofisi ya walimu imejaa "enzi zetu watoto walikuwa na adabu". Na kuna kung'ang'ania: picha moja, sentensi moja, inazunguka palepale na kila mara inaishia kwenye hukumu ileile. Wazee waliokuwa wakiendelea vizuri, kimwili na kiakili, walikuwa na kumbukumbu nyingi zaidi za aina mbili za kwanza na chache za hii ya mwisho. Kwa maelezo yako, saa tisa usiku wewe unafanya hii ya mwisho peke yake.

Hiyo saa tisa nayo ina sababu zake za kimwili. Kadiri umri unavyokwenda usingizi unakuwa mwepesi, hasa nusu ya pili ya usiku, na kuelekea alfajiri mwili unaanza kupandisha homoni ya kortisoli inayotuandaa kuamka. Ukizinduka muda huo mwili uko macho nusu, nyumba iko kimya, hakuna wa kukuuliza "kwani ilikuwaje hasa?" Wazo linalofika hapo halipati wa kulipinga. Kwa hiyo usikubali kesi yako isikilizwe saa tisa. Ukiona dakika ishirini zimepita, toka kitandani, kaa sebuleni, andika jina la mtoto aliyekuja na mstari mmoja tu, ufunge daftari. Simu iache chumbani. Asubuhi amka muda uleule hata kama hukulala vizuri, na chai ya rangi au kahawa iishie mchana.

Sasa tuiangalie hesabu yenyewe. Kila Desemba Moshi inajaa. Watu wanapanda kutoka Dar, magari yamepangana mpaka nje ya uzio wa kanisa, na ibada ikiisha mtu mzima aliyevaa suti anakushika mkono: "Shikamoo mwalimu, hunikumbuki?" Humkumbuki. Anacheka, anakuachia noti ya elfu kumi iliyokunjwa kiganjani, anakwenda. Hao ndio wanaokuja kukusalimia mchana: waliofanikiwa na wenye nauli. Usiku wanakuja wengine, wale unaoona uliwakosea. Kati ya makundi hayo kuna mamia ya watoto ambao hawakufika kwenye suti na wala hawakuamshi, na hao ndio kazi yako hasa.

Nenda soko la Mbuyuni asubuhi moja ukamwangalie muuza ndizi akilipwa kwa simu. Meseji inaingia, anaitupia jicho: jina la aliyetuma, kiasi, salio. Anaona pungufu shilingi elfu mbili, anamwita mteja kabla hajafika kwenye bajaji. Ukimuuliza amefanya nini atakwambia amedai hela yake. Hatakwambia amesoma na kutoa, ingawa ndicho alichofanya, kwa sekunde tatu. Mtu fulani alikaa naye kwenye "ba be bi bo bu" wakati herufi zilikuwa bado michoro tu kwake.

Na kwa nini mtu huyo hakumbukwi? Hapa kuna jambo la ubongo ambalo naona walimu wa madarasa ya chini wangepaswa kuelezwa siku ya kwanza ya chuo. Ujuzi hauhifadhiwi pamoja na tukio la kuupata. Mmarekani aitwaye Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 kutibu kifafa, akatoka akiwa hawezi tena kuweka kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Ni zoezi gumu, mkono unakwenda kinyume. Siku baada ya siku alizidi kuwa stadi, na kila siku alisema hajawahi kulifanya. Mkono ulijifunza, yeye hana habari. Sisi wazima tuko hivyo kwa mambo tuliyofundishwa tukiwa wadogo sana. Namkumbuka mwalimu wangu wa Biolojia wa kidato cha tatu, mpaka koti lake. Wa darasa la kwanza hata jina sina, na bila yeye huyu wa Biolojia asingekuwa na cha kunifundisha. Kwa mwalimu wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kusahauliwa ni dalili kwamba somo lilishika.

Tuje kwa kijana wa mwaka 2000, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulikosea. Kumchapa mtoto hadharani na kumtabiria ubaya ni kosa, na nadhani ulilijua siku ileile, ndiyo maana umelibeba mpaka leo. Wakati ule fimbo ilikaa mezani pamoja na chaki. Kanuni zilizotoka mwaka 2002 ndizo zilizopunguza viboko visizidi vinne, na vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Mazoea ya wakati yanaeleza ulichofanya, hayakifuti.

Lakini umeunganisha mambo matatu kwa uzi mmoja: nilimchapa, akaacha shule, anaendesha bodaboda. Akili yetu inapenda uzi wa namna hiyo, hasa sisi wenyewe tukiwa ndani yake. Kumbuka mwaka 2000 ulikuwaje huku kwetu. Shule za msingi zilikuwa bado zinatoza ada na michango. Kufutwa kwa ada kulikuja baadaye na MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, watoto wakafurika mpaka mkakosa pa kuwakalisha. Kahawa, ambayo kwa vizazi ndiyo iliyosomesha watoto wa Kilimanjaro, ilikuwa inaporomoka bei mwaka hadi mwaka, na 2001 soko la dunia lilikuwa limeanguka vibaya sana. Familia ngapi zilikaa usiku zikaamua nani aendelee na shule na nani abaki kuchunga? Wewe ulimwona mtoto akiwa dawatini. Nyumbani kwao hukuwepo. Maneno yako yanaweza kuwa yaliongeza uzito kwenye mzigo uliokuwapo, hilo lawezekana kabisa, lakini mzigo wote haukuwa wako.

Halafu, mama, samahani kwa kusema hivi: mbona unaitaja bodaboda kama ushahidi kwamba maisha yaliharibika? Mwanamume wa karibu miaka arobaini anayeamka alfajiri, anayejua kila kichochoro cha Majengo, huenda analipa ada za watoto wake, huyo amefika mahali. Nikisoma barua yako naona ile sentensi ya mwaka 2000 bado inasemwa, sasa kwa sauti ya huruma. Ukienda kumwona ukiwa na sura hiyo, ataiona kabla hujafungua mdomo.

Umtafute? Inategemea unakwenda kuchukua nini. Kama unakwenda ili akwambie "mwalimu, yamekwisha, ulinijenga", ngoja kwanza, maana utakuwa unampa mtoto yuleyule kazi ya kukubembeleza. Kama unakwenda kumpa kitu alichonyimwa, yaani mtu mzima kukiri mbele yake kwamba hakustahili yale, basi inafaa. Usimvizie kijiweni mbele ya wenzake. Ulimwaibisha hadharani, usimrudishe hadharani. Tuma mtu anayemfahamu aulize kama angependa kukuona. Akikubali, yasizidi maneno haya: "Mwaka ule nilikuchapa mbele ya darasa na kukwambia hutafika popote. Nilikosea, na maneno yale hayakuwa kweli. Nimekuja kusema hivyo." Usiweke "lakini" wala usieleze ugumu wa darasa. Usitoe bahasha. Usiombe msamaha kwa namna ya kumlazimisha ajibu. Anaweza kucheka kwamba hata hakumbuki, na hilo linauma kwa namna yake. Anaweza kukasirika, kaa umsikilize amalize. Akikataa kukuona, amekujibu, usitume mtu mwingine. Na nakushauri usiende kabla hujafanya zoezi ninalokueleza sasa, ili usimfikie ukiwa umebeba miaka 36 yote kumtua yeye peke yake.

Zoezi lenyewe wataalamu wa saikolojia ya wazee wanaliita mapitio ya maisha, na hufanywa kwa mpangilio: mara moja kwa wiki, kama saa moja, kwa wiki sita hadi nane, mbele ya msikilizaji. Panga kwa vituo vya kazi. Wiki ya kwanza ni utoto wako na jinsi ulivyoingia ualimu. Walimu wengi wa rika lako hawakuuchagua, walipangiwa, na hilo nalo liseme. Kisha shule ya kwanza uliyoripoti, ya pili, mpaka hii uliyopo. Kwa kila kituo uliza: niliishije pale, nililipwa lini, watoto walikuwa wangapi, nilikwama wapi, nilijinasuaje, nani alinisaidia, nilimkosea nani. Swali la kosa liwepo kila wiki, ila liwe moja kati ya hayo. Hapo ndipo kung'ang'ania kunapoanza kugeuka kuwa kupatanisha, kwa sababu yule mtoto hasimami tena peke yake gizani. Anasimama kwenye mwaka 2000, kwenye darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, mshahara umechelewa, na wewe una umri wa miaka 34.

Msikilizaji ni muhimu kuliko daftari. Wanao hawafai kwa hili, wanakupenda mno. Ukifika kwenye uchungu watasema "mama usiwaze". Mumeo, sina hakika, wewe ndiye unayemjua. Mwalimu mstaafu mliyeheshimiana angefaa sana. Kazi yake ni kuuliza "halafu?" na kunyamaza. Ukiona kila baada ya kikao unazidi kuzama badala ya kupumua, acha, uende kwa mshauri nasaha aliyesomea.

Yule binti aliyerithi darasa lako ni bahati, hata kama leo humwoni hivyo. Kung'ang'ania kunakosa pumzi mtu anapoanza kurithisha, kwa kuwa inabidi utafute ulichokijua. Umepita mtaala wa 2005, wa KKK wa 2015, na huu mpya ulioanza 2024. Unajua kitu ambacho mtaala haukisemi. Unajua, kwa mfano, kwamba mtoto anayenakili ubaoni akiruka maneno huenda haoni, kwa hiyo unamhamishia dawati la mbele wiki nzima kabla ya kumwita mvivu. Unajua anayechanganya b na d hasaidiwi kwa kuandika kurasa tatu za b. Unajua darasa la watoto tisini linahesabu vizuri zaidi kwa vizibo vya soda kuliko kwa chati nzuri iliyobandikwa mbali. Usimpe hotuba. Chagua jambo moja kwa wiki, mwoneshe mkiwa na mtoto mmoja halisi aliyekwama, kisha umwachie. Na simu yake usiigombe: mwombe akurekodi ukifundisha silabi. Atairudia kuitazama mara nyingi kuliko angekusikiliza ofisini. Yeye naye ana anayoyajua. Muulize amesomea nini kuhusu watoto wagumu kusoma, huenda ukapata majina ya matatizo uliyoyaona miaka yote bila kuwa na majina yake.

Habari ya kwamba mstaafu hamalizi miaka mitano, naisikia kila wiki. Tunawahesabu waliokufa, ndiyo, kwa sababu misiba tunahudhuria. Wanaoendelea kupalilia migomba hakuna anayewatangaza. Tena wengi wanaoacha kazi mapema huacha kwa sababu tayari wanaumwa, hivyo ugonjwa ndio ulioleta kustaafu. Wanachonishangaza mimi wastaafu ni kuacha kupima presha na sukari siku walipoacha kazi, na kuacha kutembea. Wewe miaka yote umesimama na kuzunguka madawati siku nzima. Mwili usiupe kiti ghafla. Na uliza mapema hali ya kadi yako ya bima ya afya ya NHIF ikoje baada ya kustaafu.

Wanao wanaposema upumzike, wana nia njema ila hawajui wanachokuombea. Miaka ya 1930 mwanasaikolojia Marie Jahoda na wenzake walichunguza kijiji cha Marienthal huko Austria, baada ya kiwanda kilichoajiri karibu watu wote kufungwa. Watu walikuwa na muda wote duniani. Walichokuta ni kwamba vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua, na wanaume walitembea barabarani polepole kuliko wanawake, wakisimamasimama njiani. Baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi, mbali na mshahara, inaipangia siku mwanzo na mwisho, inakukutanisha na watu nje ya familia, inakupa lengo pamoja na wengine, inakupa hadhi, inakufanya ushughulike. Marienthal walikosa pia mshahara na wewe utakuwa na pensheni, kwa hiyo si sawa kabisa. Lakini hayo matano, kengele ya mwisho ikilia, yanaondoka kwa siku moja, na hakuna aliyepanga yatoke wapi tena.

Kwa hiyo Kibosho uipime kwa hayo matano. Hewa nzuri na migomba si swali; swali ni Jumanne saa nne asubuhi utakuwa wapi na nani. Pale kijijini utaitwa mke wa fulani, kwa watu wa mumeo, na kuna wanawake wanaolipokea hilo vizuri na wengine linawabana. Jaribuni kwanza: likizo ya Juni yote kaeni huko, na Desemba watu wakishaondoka baada ya sikukuu, baki hata wiki mbili. Kibosho ya Krismasi si Kibosho ya Februari. Nyumba ya mjini msiiuze mwaka wa kwanza.

Chekechea, kwa kweli, naiogopa kwa niaba yako. Mimi si mtaalamu wa fedha, ila nimekaa na wastaafu walioweka mkupuo wote kwenye majengo na vyoo, wakasubiri usajili, kisha ada za Januari zikachelewa mpaka Aprili huku walimu wakidai mishahara. Ukipenda kufundisha, kaa barazani jioni na watoto wachache wa jirani wasiojua kusoma. Hilo linakupa mengi ya yale matano bila kukopa. Biashara kubwa isubiri mwaka mzima. Kuhusu hesabu ya mafao yenyewe, kanuni ya kikokotoo imebadilika zaidi ya mara moja tangu mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iunganishwe kuwa PSSSF mwaka 2018, hivyo usitumie hesabu ya mwenzako aliyestaafu zamani. Nenda ofisi yao mwenyewe. Kusanya sasa barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa madaraja. Na kama vyeti vina jina la ubini na nyaraka nyingine zina la mume, shughulikia kiapo mapema. Atakayekupigia simu akidai hela ya "kuharakisha faili" ni tapeli, mkatie.

Sasa usikilize hili kwa makini. Kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili karibu kila siku, kama chakula hakipiti, unalia bila sababu, umeacha kwaya au jumuiya uliyoipenda, au kama mawazo ya kujidhuru au kutamani usiamke yamepita hata mara moja, usingoje daftari wala likizo. Nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC, uombe kuonana na watu wa afya ya akili. Walioko Arusha waende Mount Meru. Sonona inatibika, na umri wa miaka 60 hauifanyi kuwa ya kawaida. Hata kama dalili hizo huna, kukosa usingizi kwa miezi ni sababu tosha ya kupima presha, sukari na tezi ya shingo, na kumweleza daktari kuhusu joto la usiku kama bado unalipata. Dawa za usingizi usinunue dukani kwa kuelekezwa na jirani. Nyingi mwili huzizoea haraka, na kwa umri wetu zinaangusha watu usiku wakienda msalani.

Imebaki sherehe. Nafikiri unaikataa kwa sababu watakusifu, na kwa hali uliyonayo kila sifa itakuuma kama uongo. Naelewa. Lakini wenzako nao wanahitaji mahali pa kusema umeondoka, na shule isiyomuaga mtu inabaki na kinyongo cha ajabu. Omba iwe ndogo, ifanyike mchana shuleni, watoto wa la pili wasome kitu kwa sauti badala ya risala ndefu, na hela ya ukumbi inunue vitabu vya hadithi vya darasa lako. Mwambie mwalimu mkuu wiki hii hii, maana kamati ikishachapisha kadi za mchango na kumlipa mpishi wa ndafu, hakuna atakayekusikiliza.